Ua Jeupe, Weka Chunguni

Mbele ya jengo la utawala palikuwa na bustani ya nyasi ambayo hakuna mguu wa mwanafunzi ulioruhusiwa kuikanyaga, isipokuwa mguu wenye hatia. Wanafunzi wema waliizunguka kwa mbali, kwenye njia ya kokoto, wakiwa wameshusha sauti kama watu wapitao karibu na mgonjwa. Waliokaribishwa ndani ni wakosaji peke yao. Aliyechelewa gwaride la asubuhi, aliyecheka bwaloni, aliyekutwa maktaba amelalia kamusi, hao ndio waliopiga magoti juu ya nyasi zile laini na kung'oa magugu kwa vidole hadi kengele ya chai. Kwa hiyo katika shule hiyo tukufu, mtu aliyetaka kukaa mahali pazuri ilimpasa kwanza aharibu kitu.

Sindano alikuwa amekaa pale sana. Jina hilo hakupewa kwa wembamba, maana alikuwa na mwili wa kutosha na mwingine wa akiba. Alipewa kwa ajili ya ulimi wake, uliopenya nguo yoyote ya heshima bila kutoa sauti, mwenye nguo akashtukia tu amechomwa. Alikuwa kidato cha nne, mwaka wa mtihani, na hapakuwa na gugu katika bustani ile ambalo hakuwahi kulishika mizizi.

Aliyempeleka huko mara nyingi zaidi ni Naibu Mkuu wa shule, ambaye wanafunzi walimwita Klorofili. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye tai za kijani tupu, na alifundisha biolojia kwa namna ambayo hata mimea iliyochorwa kitabuni ilinyauka. Alikuwa na desturi ya kuuliza swali, kulijibu mwenyewe, kisha kujipongeza: "Vizuri sana." Sindano alimdharau kwa moyo wote, na kwa utulivu, kama mtu anayelea mche wa maua.

Muhula uliopita aliivisha mifupa ya maabara tai ya kijani, na darasa zima likawa linaiamkia, "Shikamoo, mwalimu," kabla ya kumwamkia mwenye tai. Kilichomuudhi Klorofili, kwa maoni ya darasa, ni kwamba tai ilikaa vizuri zaidi kwenye mifupa. Baba yake Sindano, fundi cherehani, akaitwa. Alifika na pini zikiwa bado kwenye ukosi wa koti, akasikiliza mashtaka yote bila kuketi, kisha akasema:

"Mwalimu, mimi nikifunga duka, kuna bwana harusi mahali anaoa bila suruali. Nikiitwa hapa tena, nitakuja na begi la kubebea vitu vyake."

Na walipofika getini akamwambia bintiye, "Mwanangu, dukani kwangu kuna kiti kitupu, mbele ya ile cherehani ya vifungo. Usinilazimishe kukijaza."

"Baba, si ulikuwa mzaha tu?"

"Hata mimi nacheka. Nacheka huku nakitazama kile kiti."

Tangu hapo Sindano alikiona kila alipofumba macho. Angekaa pale akishona sare za watoto wanaosoma, akiwapima viuno, nao wakimwambia, "Dada, usinibane sana." Mtu mwenye ulimi kama ule, akili kama ile, amalizie maisha yake na pini mdomoni! Akaapa kufunga kinywa mpaka mtihani upite. Klorofili naye akaapa, mbele ya walimu wote, kwamba neno moja tu la utovu wa adabu kutoka kwa binti yule mbele za watu litatosha kumtoa shuleni.

Ni katika amani hiyo ya kuuma meno ndipo Klorofili alipokwenda semina. Ilifanyika kwenye hoteli yenye mazulia, ambako watu walioshiba walifundishana namna ya kula kama wenye njaa. Alirudi na fulana, mkoba wa kitambaa, cheti chenye muhuri, na ugonjwa wa kuinama kila alipoona kitu cha kijani.

"Wanafunzi!" alinguruma gwarideni. "Chakula mnachokililia kila siku, mko juu yake! Mnakikanyaga!"

"Hatukikanyagi," alinong'ona Kifutio, rafiki mkubwa wa Sindano. "Si tumekatazwa?"

"Nyamaza wewe. Mwenzio nina kiti kinaningoja."

"Basi sijasema," alisema Kifutio. Ndiyo sababu aliitwa hivyo. Kila alilolitamka alilifuta mara tu mtu mzima alipogeuza shingo.

Klorofili aliendelea kufichua siri za ulimwengu. Magugu, alisema, hayakuwa magugu. Mchicha pori ulikuwa chakula. Mnavu ulikuwa chakula. Mchunga, pamoja na ukali wake, ulikuwa chakula, na hata kishonanguo, kile kinachopanda na wewe kwenye soksi mpaka bwenini, majani yake machanga yaliliwa. Hayo yote yalikuwa kweli, na yangetosha. Lakini mtu aliyepewa cheti hawezi kuishia kwenye kweli.

"Je, mtaitambuaje mimea ya kuliwa? Mtaitambua kwa alama. Vizuri sana. Na kwa kuwa vichwa vyenu ni vidogo, nimewatungia alama moja inayobeba zote: jani laini, ua jeupe, weka chunguni!"

Shule nzima ikaitikia. Ilikuwa tamu mdomoni, ikaimbika wakati wa kufagia, wakati wa kuoga, wakati wa kupanga foleni. Sindano pekee ndiye aliyesimama na mashavu yamevimba, kama mtu aliyeficha yai mdomoni. Ua la mchunga ni njano. Mchicha pori una kishada cha kijani kama mkia wa paka. Na kuna mimea yenye maua meupe ambayo hata mbuzi, mnyama asiyejua kuchagua, huipita kwa adabu zote. Lakini alimeza. Kiti.

Kuanzia siku ile, magugu ya wakosaji hayakutupwa tena. Yalipelekwa jikoni kwa makapu. Mpishi wa shule, Bi Mwiko, aliyapokea akiwa ameshika kiuno.

"Haya si yaleyale mliyokuwa mnamwaga kule shimoni? Leo yamepandishwa cheo?"

"Yamekwenda semina, Bi Mwiko," alisema Kifutio, kisha akatazama nyuma. "Sijasema kitu."

Haki itendeke: sufuria za kwanza hazikuwa mbaya. Mnavu uliopikwa vizuri una uchungu wa adabu, na wanafunzi wa bweni, watu ambao wangekula hata ratiba ya masomo kama ingewekewa chumvi, walikomba sahani. Aliyekataa kuonja ni mmoja tu. Klorofili aliendelea kuletewa chakula kutoka nyumbani kwake, kwenye hotipoti lililonukia nyama mpaka korido ya pili.

"Mimi ni mtaalamu," alieleza alipoulizwa na mwalimu mwenzake. "Si mlaji."

Basi mambo yangeweza kwenda hivyo, kama si Siku ya Wazazi. Mkuu wa shule alikuwa karibu kustaafu. Bodi ingekuja siku hiyo kula na wazazi, na kila mtu alijua Mwenyekiti wa bodi atakuwa akimtazama Klorofili kama atazamavyo mtu suruali anayotaka kuinunua. Klorofili akatangaza kwamba wageni watalishwa mboga kutoka bustani ya utawala. Na hapo ndipo hesabu zake zilipoanza kwenda mrama.

Alifikiri hivi: mboga zinaletwa na wakosaji, kwa hiyo wakosaji wakiongezeka, mboga zitaongezeka. Mtu mwingine angeona shimo katika hoja hiyo kabla ya kutumbukia. Yeye alitumbukia na shule nzima. Ghafla kila pumzi ikawa kosa. Walioadhibiwa ni pamoja na aliyepiga chafya mstarini, aliyebeba begi begani kwa mwelekeo wa dharau, aliyetabasamu bila sababu, na mmoja wa kidato cha kwanza aliyewahi gwarideni kabla ya wote, kwa nia, ilisemekana, ya kuwaaibisha wenzake. Bustani ikajaa watu mpaka wakawa wanagongana vichwa. Na kwa kuwa mikono ilikuwa mingi, magugu yakaisha. Kwa mara ya kwanza tangu shule ijengwe, bustani ya utawala haikuwa na jani moja la kuliwa. Zilibaki nyasi tupu, safi, za kupendeza, zisizo na faida kwa mtu.

Klorofili alizitazama nyasi zile kwa chuki.

"Je, gugu ni nini?" aliwauliza wakosaji. "Gugu ni mmea ulioota mahali usipotakiwa. Vizuri sana. Je, hizi nyasi tunazitaka?"

Akajijibu mwenyewe, kama kawaida.

"Hatuzitaki. Ng'oeni."

Basi wakang'oa nyasi. Zile zilizokuwa zikilindwa dhidi ya magugu miaka yote, sasa zilitolewa kwa mizizi ili magugu yapate nafasi. Mkuu wa shule, aliyezipanda kwa mkono wake ujanani, alichungulia dirishani na kikombe cha chai mkononi, akatazama kwa muda, kisha akavuta pazia. Mkuu alikuwa mtu wa amani; yaani hakuwahi kuamua jambo.

Vidato vya kwanza wakatumwa kwenye shimo la taka nyuma ya karakana kuleta miche. Walibeba chochote kilichokuwa laini na kijani, na Klorofili akasimama juu yao na fimbo yake ya kuonyeshea ubaoni. "Hilo! Ua jeupe! Panda! Na hilo! Panda!" Wakapanda, wakamwagilia kwa ndoo, wakaimba. Mvua nayo, kwa fitina zake, ikanyesha vizuri mwaka ule.

Asubuhi ya Siku ya Wazazi, Sindano na Kifutio walipangwa kuhudumia meza ya wageni, na kabla ya hapo kusaidia jikoni kuosha mboga. Sindano alitia mikono kwenye beseni, akageuza majani, akasimama.

Katikati ya mnavu ulikuwamo mnanaha, gugu la sumu. Aliujua kwa jicho, na hapa si maneno ya kupamba. Mwaka uliopita aliung'oa mmoja ulioota kwenye kona ya bustani, utomvu ukamwingia mkononi, naye akajifikicha jicho. Mboni ya jicho hilo ilipanuka mpaka ikafanana na kifungo cha koti. Hakuweza kusoma ubaoni wala kustahimili jua, na alitembea akiwa amefumba upande mmoja kama haramia. Sista wa zahanati alimwambia kuwa ana bahati umeingia jichoni tu, kwa maana anayeula huo mmea huanza kuzungumza na watu ambao hawapo, na wengine huenda kukaa nao moja kwa moja.

Alichukua jani moja, akalifikicha. Harufu ikatoka nzito, mbaya, kama ya panya aliyesahaulika nyuma ya kabati.

"Nusa," alimwambia Kifutio.

"Labda ni mnavu ulioamka vibaya."

"Mnavu haunuki hivi. Na tazama hili jani lilivyo na meno pembeni. Tazama shina, nene, la zambarau. Bi Mwiko! Hii mboga isipikwe!"

"Iliyo kwenye beseni haijapikwa," alisema Bi Mwiko. "Iliyo kwenye sufuria ilishaiva zamani. Kuna nini?"

"Kuna mnanaha. Bi Mwiko, mwaga yote."

Bi Mwiko aliitazama sufuria, kubwa kama ngoma, kisha akamtazama binti aliyewahi kumwekea chura kwenye debe la maharage.

"Mwanangu, mboga ya wageni wa Naibu niimwage kwa neno lako? Kesho nitampikia nani? Nenda kamwambie mwenyewe. Akisema nimwage, namwaga na sufuria yake."

Klorofili alikuwa ofisini mbele ya kioo, akifunga tai mpya yenye picha za majani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kwa kifupi."

"Mwalimu, kwenye mboga za wageni umo mnanaha. Una sumu. Nimeuona na nimeunusa."

"Ua lake?"

"Jeupe, mwalimu, lakini..."

"Ua jeupe...?" Klorofili aliinua kidole, akangoja.

Sindano alifumba macho. "Weka chunguni."

"Vizuri sana. Kwaheri."

"Mwalimu, nisikilize. Ua la mnavu ni dogo, kama nyota. La mnanaha ni refu kama tarumbeta. Na ukiufikicha..."

"Binti, wewe una cheti?"

"Sina."

"Mimi ninacho. Baba yako yumo njiani, siyo? Safi. Hata shida ya kumwita hatutaipata. Ukitokeza mdomo wako mbele ya bodi, jua litakapozama utakuwa unashona vifungo. Umenielewa? Umenielewa. Vizuri sana."

Alipotoka, Sindano alifikiria kila kitu ambacho mtu mwerevu angefikiria. Angejikwaa na bakuli? Bakuli moja lingemwagika, mengine yangefika salama. Angenyamaza? Hilo lilikuwa rahisi, na hata lilikuwa na utamu wake: mtaalamu aaibike kwa mkono wake mwenyewe. Lakini mtaalamu hakuwa mlaji. Walaji walikuwa wengine, na mmoja wao alikuwa fundi cherehani mwenye haraka, mtu aliyekula kila kilichowekwa mbele yake kabla hakijapoa, kwa sababu kazi inangoja.

Bwalo lilikuwa limepambwa kwa karatasi za rangi. Kwenye meza ya mbele alikaa Mwenyekiti wa bodi, mwanamume mwenye shingo nene na kitambaa cheupe kilichokunjwa mfukoni mwa koti. Pembeni yake Mkuu, akiwa amekwishasinzia kwa adabu. Kisha Klorofili na hotipoti lake. Wazazi walijaza meza zilizofuata. Wali ukapita. Halafu mabakuli ya mboga yakaingia, Sindano akiwa mbele, na Klorofili akasimama kueleza jinsi shule ilivyotoka katika ujinga wa nyasi.

Baba yake Sindano alikuwa ameshajaza kijiko. Hapo yule binti alisimama katikati ya bwalo, akaliweka bakuli sakafuni, akasema kwa sauti iliyofika hadi jikoni:

"Waheshimiwa, msile. Mboga hii ina sumu."

Vijiko vikasimama hewani. Kifutio, nyuma yake na bakuli la pili, alisikika akisema kwa sauti ndogo, "Ni kweli," na kwa mara ya kwanza maishani hakulifuta.

Klorofili alitabasamu kwa meno mengi.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, kila shule ina kichaa wake. Huyu ndiye wetu. Binti, tangu sasa wewe si mwanafunzi wa shule hii. Bodi ni shahidi."

"Sawa, mwalimu," alisema Sindano. "Lakini bado ni mnanaha."

Baba yake alikuwa bado ameshika kijiko hewani.

"Una hakika, mwanangu?"

"Baba, uliniona na lile jicho."

Fundi akakirudisha kijiko sahanini, akaisukuma sahani mbele, akafuta mikono. Mama mmoja pembeni yake akafanya vivyo hivyo. Kisha bwalo zima likasikika likiweka vijiko chini, kama mvua inayoanza kwenye bati. Mwenyekiti wa bodi aliitazama mboga, akamtazama Klorofili, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyegundua kwamba ile suruali ina tundu.

Mtu mwenye akili angesema, tuichunguze. Klorofili alikuwa na cheti. Alilisukuma kando hotipoti lake, akavuta bakuli, akajipakulia kilima.

"Mwalimu, usile," alisema Sindano. "Nakuomba."

"Ananiomba! Mmesikia?" Akatia kijiko mdomoni. "Laini." Cha pili. "Yenye afya." Akaendelea, akitafuna kwa hasira, huku akiwatazama wazazi mmoja mmoja kama anayesahihisha mitihani. Sindano alikuwa amewahi kumwombea mtu huyu mabaya mengi, lakini hakuwahi kufikiri kwamba atakuja kuyala mwenyewe kwa kijiko huku akiyasifia.

Hotuba ikaendelea. Katikati ya neno "virutubisho" aliomba maji. Akanywa, akaomba tena. Uso ulimwiva. Alianza kupapasa hewani kama anayechuma kitu, akaishukuru nguzo ya bwalo kwa kuhudhuria, akailaumu kwa kusimama bila kazi. Kisha macho yake, ambayo mboni zake zilikuwa zimemeza kila rangi nyingine, yakatua kwenye kitambaa cha Mwenyekiti.

"Ua jeupe!" alipiga kelele, akamrukia kifuani kwa mikono miwili. "Weka chunguni! Weka chunguni!"

Walimvuta Mwenyekiti kutoka upande mmoja na Klorofili kutoka mwingine, na aliyeamka kwa kelele hizo akauliza kama ni wakati wa kuimba wimbo wa shule alikuwa Mkuu. Sista wa zahanati alifika mbio. Wakampakia mgonjwa kwenye pikapu ya shule, na mara ya mwisho kuonekana alikuwa akiwapa adhabu miti ya barabarani, mmoja mmoja, kwa kutembea bila ruhusa.

Ungedhani jambo limekwisha hapo. Lakini Mkuu, alipofuatwa ofisini na fundi na bintiye, alikoroga chai yake kwa muda mrefu sana.

"Amri ya kumfukuza imetolewa na Naibu, mbele ya bodi. Anayeweza kuitengua ni Naibu. Na kwa sasa Naibu anazungumza na pazia."

"Mheshimiwa," alisema fundi, "huyu mtoto kawaokoa. Na wewe ukiwemo."

"Ndiyo, ndiyo. Kwa hiyo aende hospitali, amwombe radhi. Akisamehewa, mimi sina neno."

"Radhi ya nini?"

Mkuu alifikiri. "Ya namna alivyosema."

Nje, fundi alitembea mpaka kwenye njia ya kokoto.

"Mimi niliapa nikiitwa," alisema hatimaye. "Leo sikuitwa, nilialikwa. Kwa upande wangu huna kesi. Lakini huyo bwana akikukatalia, mwanangu, shule itakuwa imefungwa, na kiti ni kilekile."

"Nikamwombe radhi mtu aliyekula sumu huku namzuia?"

"Mimi nimewahi kumwomba radhi mteja aliyenenepa. Kakoti kalimbana, kosa likawa la fundi. Kashone kinywa kidogo tu, ufike unakokwenda."

Siku ya pili jioni walimkuta Klorofili wodini, ameegemea mito, akili imemrudia na midomo imepasuka kwa ukavu. Mboni zilikuwa bado kubwa. Alikuwa ameshika gazeti juu chini. Bila tai, shingo yake ilikuwa kitu kidogo sana.

"Umekuja kuomba radhi," alisema.

"Nimetumwa kuja kuomba radhi, mwalimu."

Sindano alingoja matusi. Klorofili alimgeukia fundi badala yake, akamwomba kwa upole akamtafutie maji ya kunywa. Alipotoka, yule mgonjwa alitazama mlango, akatazama kitanda cha jirani, kisha akashusha sauti.

"Lile jani. Ulisema linanuka. Linanukaje?"

"Mwalimu?"

"Wamenialika kuzungumza kwenye semina ijayo. Nitahitaji kitu kipya."

Sindano alimkodolea macho. Kifo kilikuwa kimempigia hodi mtu huyu, naye akakikaribisha kwa matumaini kwamba kitamsaidia kuandaa somo. Ulimi wake ulijaa mara moja. Angemwambia mnanaha hutambuliwa kwa kuukumbatia. Angemwambia hucheka ukitekenywa. Angeamini, na angeandika. Kisha akawaona vidato vya kwanza na makapu yao, wakiimba kwa furaha chochote walichopewa kuimba.

"Linanuka panya aliyeoza," alisema. "Kingo zake zina meno, na shina huwa nene. Mnavu una ua dogo kama nyota na vitunda vya mviringo vilivyokaa kishada. Mnanaha una ua la tarumbeta na tunda lenye miiba. Ukiwa mchanga, bila ua wala tunda, unadanganya. Hapo fikicha, nusa, na nawa mikono."

"Na mtu akiwa bado na shaka?"

"Asile."

Klorofili alijaribu kulitia wimbo kwa midomo.

"Hilo haliimbiki."

"Haliimbiki, mwalimu."

"Basi." Alilikunja gazeti. "Utarudi darasani. Lakini mazungumzo haya hayakuwepo. Sikukuuliza, hukunijibu. Tumeelewana?"

Sindano alitazama mlangoni. Baba yake alikuwa akirudi na chupa ya maji, mabega yameinama, pini zikimetameta ukosini.

"Tumeelewana," alisema.

Klorofili aliporudi shuleni, gwaride lilipangwa kwa ajili yake. Alipanda jukwaani akiwa na fimbo ya kutembelea ambayo hakuihitaji.

"Wanafunzi," alianza kwa sauti ya mtu aliyetoka mbali. "Je, mwanasayansi wa kweli huogopa? Haogopi. Mimi niliutilia shaka mmea ule tangu mwanzo. Nikaamua, kwa hiari yangu, kuujaribu katika mwili wangu, ili nyinyi msije mkadhurika. Na nimegundua alama zake. Mnanaha hunuka panya aliyeoza. Kingo zake zina meno..."

"Sindano!" alinong'ona Kifutio, akimvuta mkono wa sare. "Sindano, huyo ni wewe! Hayo ni maneno yako! Sema kitu!"

Sindano akautoa mkono wake, akatazama jukwaani. Pale mbele Mkuu alikuwa akijifuta chozi, na Mwenyekiti wa bodi, aliyekuja bila kitambaa mfukoni, alikuwa ameanza kutikisa kichwa kwa kukubali. Makofi yakaanzia kwa walimu, yakashuka mistari yote. Sindano akapiga yake kwa nguvu kuliko wote, mpaka viganja vikawasha, akimtazama yule mtu usoni bila kupepesa. Klorofili alilikuta jicho lile katikati ya shule nzima, akapoteza mahali alipofikia, akakohoa, akaanza tena sentensi.

Kengele ikalia. Kipindi cha kwanza kilikuwa biolojia.